Hili neno "preventive" lina kesi ya kujibu

Wadau, leo nina ugomvi na neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni "preventive". Najua kuna watakaosema huyu kijana ameishiwa habari, sasa anagombana na kamusi. Subirini kidogo.

Ugomvi ulianzia Maore, kwetu Upareni, wilaya ya Same. Kwa msiopajua, Maore iko chini ya milima ya Upare Kusini, kwenye barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani kwenda Ndungu na Mkomazi. Ukigeuka huku ni milima, ukigeuka huku ni hifadhi ya Mkomazi. Nilikuwa nimekaa barazani na babu yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wa kizazi kile kilichofundishwa kwa fimbo na kikafundisha kwa fimbo. Mazungumzo yakaangukia habari ya sheria za nchi kuandikwa kwa Kiswahili, jambo lililopitishwa na Bunge mwaka 2021.

Babu akaniuliza: "Ile sheria ya kuweka watu kizuizini, ile ya enzi za Mwalimu, kwa Kiingereza inaitwaje?"

"Preventive Detention Act, babu."

"Detention naijua. Hiyo preventive ndiyo nini?"

Nikajikohoza kisomi. Nikamwambia ni kuzuia jambo kabla halijatokea, ni kama kinga. Hata pale wizara ya afya, Idara ya Kinga kwa Kiingereza huitwa hivyo hivyo, preventive. Chanjo, vyandarua, kliniki ya watoto, vyote vinaingia humo.

Mzee akatafuna kashata yake taratibu. "Kwa hiyo akina Kasanga Tumbo walikuwa wanachanjwa?"

Nilicheka sana. Lakini nilipopanda basi kurudi Dar es Salaam kicheko kikanikauka, kwa sababu mzee alikuwa ameuliza swali ambalo mimi, na digrii yangu, na miaka yangu ya kuandika habari za mahakamani, sikuwahi kujiuliza.

Tuanze na neno lenyewe. Kiingereza kina maneno mengi ya kuzuia na watu huyachanganya. Kuna "obstructive". Hilo ni la kitu kinachoziba njia ya kitu kingine ambacho tayari kinakuja: lori limekufa katikati ya daraja, au karani anayekuzungusha wiki tatu na faili lako lipo mezani kwake. Kuna "prohibitive", la kukataza, ndiyo maana Waingereza husema bei fulani ni prohibitive, yaani ukiitazama unarudisha pochi mfukoni mwenyewe. Hayo mawili yanahusu kitu kilichopo. Lori lipo, bei ipo, karani yupo anakunywa chai.

"Preventive" ni mnyama mwingine. Kinachozuiwa hakipo. Asili yake ni Kilatini, maneno mawili yenye maana ya "kabla" na "kuja", kwa hiyo kuja kabla, kutangulia. Zamani hata Waingereza wenyewe walitumia kitenzi chake kwa maana ya kutangulia tu, bila kumzuia mtu. Waliosoma ile Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wamekutana nalo humo wakabaki wanakodoa macho. Baadaye maana ikahama: ukimtangulia mtu njiani, unaweza kumzibia.

Sasa angalieni hapa. Mtu akisema kitendo chake ni preventive, anadai mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba kuna jambo baya litatokea. La pili, kwamba yeye analijua kabla yetu. Ni dai kubwa kweli kweli. Ni dai la mganga wa kienyeji, au la mwanasayansi, inategemea kama ana ushahidi.

Hospitalini dai hili hukaguliwa. Nesi anayemchoma mtoto sindano ya surua ana vitabu nyuma yake. Ugonjwa unajulikana, unavyoambukiza unajulikana, na watoto wasiochanjwa walishahesabiwa wakilinganishwa na waliochanjwa. Ndui ilipotangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980, haikuwa kwa sababu waziri fulani "ameridhika" kwamba imekwisha. Watu walitembea vijijini kutafuta mgonjwa wakamkosa. Hata bwana shamba anayewaambia wakulima wa mpunga wazibue mifereji kabla ya masika ana shahidi, mafuriko ya mwaka jana. Anaweza kukuonyesha tope lilipofika.

Twende kwenye sheria. Ilipitishwa na Bunge la Tanganyika mwaka 1962, Uhuru ukiwa haujatimiza hata mwaka mmoja. Inampa Rais uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuzuiliwa, akiridhika kwamba mtu huyo ni hatari kwa amani na utulivu, au kwamba inabidi azuiliwe ili asije akafanya jambo la kudhuru usalama wa nchi. Asije akafanya. Yaani hajafanya. Na kama ilivyotungwa mwanzoni, amri hiyo haikuweza kuhojiwa katika mahakama yoyote. Kulikuwa na kamati ya kumshauri Rais kuhusu waliozuiliwa, lakini ushauri ni ushauri, si hukumu.

Hatukuibuni sisi. India walikuwa na sheria yenye jina hilo hilo mwaka 1950. Ghana wakafuata mwaka 1958, na mwaka 1965 J. B. Danquah, mmoja wa mababa wa siasa za uhuru wa nchi hiyo, akafia gerezani Nsawam bila kufikishwa mahakamani. Waingereza nao, wanaopenda kutuhubiria, wakati wa Vita Kuu ya Pili walifungia watu kwa mtindo huo huo chini ya kanuni yao iliyojulikana kama 18B. Mwaka 1941 majaji wao wa ngazi ya juu wakasema inatosha waziri akisema anayo sababu. Jaji mmoja tu, Lord Atkin, ndiye aliyekataa, na leo wanasheria wanamkumbuka yeye kuliko wale wanne. Tofauti ni kwamba kanuni ile ilikufa na vita yake. Ya kwetu haikuwa na vita ya kufa nayo.

Sasa njoo kwenye tamathali ambayo babu aliigundua akitafuna kashata. Kwa Kiingereza sheria hii imepewa kivumishi cha heshima. Inasikika kama dawa. Preventive! Ukiisikia unaona koti jeupe. Ndani ya kivumishi hicho kuna hoja nzima ya kisheria, tena hoja ya ujanja: kwa kuwa mtu hakuadhibiwa, bali amezuiwa tu, basi hana haja ya kusomewa mashitaka, kuletewa mashahidi wala kukata rufaa. Adhabu inahitaji kosa. Kinga haihitaji.

Matokeo yake ni kichekesho kisichochekesha. Mwizi wa kuku pale Same mjini akikamatwa, atasomewa shitaka, atapelekwa kwa hakimu, mwenye kuku ataulizwa maswali, na akifungwa atajua anatoka lini. Mtu ambaye hajaiba chochote, aliyefungwa kwa kivumishi, hana hata kimoja katika hivyo. Kumbe ni afadhali uwe umetenda kosa!

Na kwa Kiswahili je? Hapa ndipo hasira yangu inapoongezeka, maana sisi wenyewe wa kalamu tumechangia. Sisi tunasema "kuwekwa kizuizini". Tazama neno hilo. Kizuizi ni kitu kinachozuia, kama lile gogo au mnyororo ambao mgambo huweka barabarani kukagua mkaa. Weka "-ni" mwishoni unapata mahali. Kwa hiyo "amewekwa kizuizini" inatuambia jamaa yuko wapi. Haituambii kwa nini. Na kwa kuwa kitenzi ni cha kutendwa, haituambii hata nani kamweka. Amewekwa tu, kama sufuria.

Mwingereza amekiweka kivumishi mbele, kwa hiyo angalau msomaji mbishi anaweza kukishika na kuuliza: preventing nini? Mlijuaje? Mmezuia kitu gani hasa? Sisi tumekitupa kivumishi, na swali likaenda nacho. Kwa miaka mingi magazeti yetu yameandika "fulani amewekwa kizuizini" na sisi wasomaji tukageuza ukurasa kutafuta matokeo ya Simba na Yanga. Tulijua mahali. Tuliridhika.

Simaanishi kwamba Kiingereza kilimwokoa mtu. Hakikumwokoa. Baada ya askari wa Colito kuasi Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa na kuwekwa ndani. Kwa haki kabisa, yale maasi yalikuwa kitu halisi, serikali changa ilitikisika mpaka ikaomba msaada wa askari wa Uingereza, na anayesema Mwalimu hakuwa na sababu ya kuogopa anaongopa. Lakini hofu halali ya wiki moja si sababu ya kumweka mtu miaka. Oscar Kambona alikuwamo katika serikali iliyoleta sheria hii mwaka 1962. Mwaka 1967 akakimbilia nje ya nchi, na ndugu zake Otini na Mattiya wakawekwa kizuizini. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa waziri, alikamatwa mwaka 1972 baada ya Karume kuuawa na akatoka mwaka 1978. Miaka sita! Hebu mtu anieleze kinga gani ya kichwa hutolewa kwa dozi ya miaka sita mfululizo, na daktari hapimi kama mgonjwa bado ana hatari.

Wazee wa kwetu hawashangai sana mambo haya. Upareni walishayaona kabla ya jina lake la kisomi. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaenda kukaa Same bomani kuipinga kodi iliyobatizwa jina la mbiru, kodi ya kukadiriwa kwa mali ambayo wakadiriaji walikadiria wanavyotaka. Hawakuchoma moto ofisi. Walikaa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hii vizuri katika kijitabu chake cha mwaka 1971. Wakoloni walifanya nini? Waliwaondoa viongozi, Paulo Mashambo na wenzake, wakawahamishia mbali na watu wao, wakitumaini kwamba ukikata kichwa mwili utalala. Mwili haukulala, wanawake nao wakaingia, na mwishowe ile kodi ndiyo iliyoondoka. Mkoloni angalau aliita jambo lake kuhamisha watu. Hakudai kuwa anatoa chanjo.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, twende kwa mjukuu wa neno hili.

Mwaka 1997 ilipitishwa Sheria ya Tawala za Mikoa. Vifungu vya 7 na 15 vinawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani, si zaidi ya saa 48. Si madaraka mageni, wakubwa hao walikuwa nayo tangu mwaka 1962. Lakini soma masharti yake. Mkubwa lazima awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo ataleta uvunjifu wa amani, na kwamba hakuna njia nyingine ya kuuzuia isipokuwa kumweka ndani. Lazima aandike sababu zake. Saa 48 zikipita bila mtu kufikishwa mahakamani, anaachiwa, na hakamatwi tena kwa jambo lile lile. Na anayetumia vibaya madaraka hayo anaweza kushitakiwa.

Kwa hiyo hata bila kulitaja neno, sheria ni preventive mwili mzima. Inatazama mbele. Inahusu ghasia zinazokuja.

Sasa kumbukeni tulichokuwa tunakisoma magazetini, hasa kuanzia mwaka 2016. Mkuu wa wilaya amweka ndani daktari. Mkuu wa wilaya aagiza mtumishi akae ndani masaa 48 kwa kuchelewa kikaoni. Mwalimu ndani, mhandisi ndani, diwani ndani. Mpaka mawaziri wenyewe ikabidi wawakumbushe hadharani kwamba madaraka hayo si ya kutolea hasira. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye mkutano mmoja wa hadhara, wilaya nisiyoitaja, mkubwa akamnyooshea kidole mwandishi mwenzangu aliyeuliza fedha za kisima zimekwenda wapi. "Huyu akalale ndani, akitoka atakuwa na adabu." Akalala. Siku mbili zilipopita akatoka. Kisima bado hakina maji.

Sikilizeni lugha hiyo. "Akitoka atakuwa na adabu." Hiyo ni adhabu! Mtu aliyechelewa kikaoni ameshachelewa, huwezi tena kumzuia asichelewe. Mwandishi ameshauliza swali, limeshasikika mpaka kwenye spika ya nyuma. Unazuia nini? Amani gani ilikuwa inakwenda kuvunjika pale, zaidi ya amani ya mkubwa mwenyewe?

Huo ndio wizi ninaoulalamikia. Mamlaka yaliyotolewa kwa ajili ya kesho yanatumika kulipiza ya jana. Anayeadhibu akaiita kazi yake kinga, anakwepa vyote viwili: hathibitishi kosa kama hakimu, na hathibitishi hatari kama daktari. Anabaki na funguo tu.

Kuna wanaonijibu kwa karantini. Wanasema, mbona tulikubali mtu asiye mgonjwa azuiwe kwa siku kadhaa asije akasambaza Korona mwaka 2020? Si hiyo nayo ni kumfungia mtu jambo ambalo hajafanya? Hoja nzuri, naiheshimu. Lakini itazameni karantini kwa makini. Ina siku za kuhesabika, na siku hizo hazitokani na hasira ya mtu, zinatokana na muda ambao kirusi hujificha mwilini. Ina kipimo. Ukipimwa ukaonekana mzima, unakwenda nyumbani, hakuna anayesubiri uwe na adabu. Na hakuna anayedhani aliyekaa karantini ni mhalifu. Nipeni kizuizi cha siasa chenye sifa hizo tatu, nitafunga domo langu.

Wengine wanasema magaidi. Sawa. Mtu anayepanga kulipua basi ameshatenda kosa, kwa sababu kula njama ni kosa, kujiandaa kuua ni kosa. Mkamate, mshitaki. Kama huna hata chembe ya ushahidi wa njama, basi unachokijua ni nini hasa?

Narudi kwenye tafsiri, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Tume ya Jaji Nyalali iliitaja sheria hii ya 1962 katika orodha yake ya sheria 40 zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa, katika ripoti ya mwaka 1992. Ilikuwa imeshafanyiwa marekebisho mwaka 1985, mlango wa mahakama ukafunguliwa kidogo. Lakini sheria za nchi zilipochapishwa upya mwaka 2002, bado ilikuwamo, Sura ya 361. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2021 lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Kwa hiyo kuna mtu, mahali fulani, mwenye meza na kompyuta na kikombe cha chai, ambaye kazi yake ni kuamua kivumishi hiki kiitweje.

Ndugu mtafsiri, kama unasoma hapa, usituletee tena kizuizini peke yake. Na tafadhali sana, usituletee "Sheria ya Kinga". Kinga ni neno la watu, ni neno la mama anayempeleka mtoto kliniki akiwa na kadi mkononi. Usiliazime. Andika kilichomo ndani: Sheria ya Kumfungia Mtu Kosa Ambalo Hajalitenda. Utaambiwa jina ni refu mno. Nchi hii ina sheria inayoitwa ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali na hakuna aliyewahi kukosa pumzi akiitaja.

Nilimpigia babu simu juzi nikamsomea jina hilo. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nimewauliza wakubwa wangu gazetini kabla ya kuliandika. Nikamwambia hapana. Akasema, basi uwe na namba ya wakili kwenye simu, mjukuu wangu, na umsalimie mama yako.